Daftari la Nyumba za Nalubanda

Jumamosi moja ya baridi, mwezi wa saba, nilikuwa kwenye cherehani yangu barabara ya Jules, hapa Malvern, nikipunguza gauni la kitenge la msusi mmoja tunayesali naye. Yeye alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai na kunipa habari za watu kama kawaida yake. Akasema kuna mzee amefika kutoka kwetu Kivu, amefikia Berea kwa mpwa wake, na kila Mkongomani anayeingia pale humuuliza swali lile lile: kama anamjua mtu yeyote wa Nalubanda.

"Anasema alikuwa mwalimu," msusi akasema. "Anamtafuta msichana mmoja, sijui alimwachia daftari gani. Si wewe ni wa pande zile zile?"

Nikamjibu kwamba Kivu ni kubwa, nikaendelea kushona. Alipolijaribu gauni lake tukaona nimeshona mkono mmoja nje ndani. Miaka kumi na minne nipo kwenye kazi hii na sijawahi kukosea mkono. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi sikucheka. Nilimjua mzee huyo, nililijua na daftari lenyewe, na nilijua kwamba kitu nilichokikimbia tangu nikiwa na miaka kumi na miwili kimepanda mabasi, kimevuka mipaka, kimenifuata mpaka Johannesburg.

Ngoja nikueleze kwanza Nalubanda ilikuwa nini, rafiki yangu, maana ukilitafuta jina hilo kwenye simu hutalipata. Mimi nimelitafuta mara nyingi, hasa siku ambazo kazi ni chache. Ramani inaonyesha mlima, mto mwembamba kama uzi, kisha rangi ya kijani tu.

Kilikuwa kijiji cha nyumba sitini na tatu, zimejipanga mgongoni mwa kilima, moja chini ya nyingine. Juu kabisa palikuwa na chemchemi, chini kabisa palikuwa na kanisa la matofali, na kati ya hivyo viwili ndiko dunia yote ilikokuwa. Kuteremkia bondeni kulikuwa na miti ya kwinini iliyopandwa na mzungu mmoja zamani za ukoloni. Mzungu mwenyewe aliondoka kabla mama yangu hajazaliwa. Aliacha miti, jumba la mawe ambalo paa lake liliondoka na upepo, na jina la utani, Bwana Kesho, kwa sababu lolote aliloulizwa alijibu kesho.

Wanawake ndio waliofanya kazi ya miti ile. Walikaa chini wakigonga matawi kwa nyundo za mbao mpaka ganda lilegee, wakalibandua, wakalianika juani. Ko, ko, ko, kutoka asubuhi mpaka saa tisa, na mlio huo ukinyamaza tulijua mama zetu wanapanda kuja nyumbani. Ganda la kwinini ni chungu, na uchungu wake hautoki kwa maji. Mama alisugua mikono kwa majivu kabla ya kusonga bugali, na bado bugali wake ulibaki na uchungu mdogo nyuma ya ulimi. Mimi niliamini ndivyo bugali ulivyo. Siku ya kwanza nilipokula kwa katekista, ambaye mke wake hakufanya kazi ya kwinini, nilidhani wamesahau kutia kitu.

Tulikula bugali huo na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa mpaka yakawa laini kama uji, na siku za bahati tulikula na ndagala, vile visamaki vya ziwa vilivyoletwa na wachuuzi waliopanda mlima vikapu vikiwa vichwani. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji alfajiri, kutwanga sombe, na kumbeba mdogo wangu mgongoni mama akiwa kwenye miti. Baba alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu mama akiwa na mimba ya mdogo wangu, hakurudi, na tulizoea kutomtaja. Tuliishi na nyanya yangu mzaa mama, tuliyemwita Tate kama watoto wa kwetu wanavyowaita wazee wao.

Usidhani Tate alikuwa bibi mpole wa kusimulia hadithi. Alikuwa mgomvi. Aligombana na kuku, akagombana na mvua, akagombana na padri kuhusu urefu wa misa. Lakini alijua kila mtu wa kilima kile alitoka wapi, nani alimzaa nani, nani alihamia kwa sababu ya njaa na nani kwa sababu ya aibu. Alikuwa akisema kijiji ni midomo, ikifungwa yanabaki majani. Sisi watoto tulimwiga sauti yake nyuma ya nyumba tukacheka.

Mwalimu hakuzaliwa Nalubanda. Alitoka ng'ambo ya ziwa, mguu wake mmoja mfupi kuliko mwingine, akaishi katika chumba kimoja cha jumba la Bwana Kesho alichokiezeka mwenyewe kwa mabati, na vyumba viwili vilivyobaki vikawa shule yetu. Siku moja alifariki mzee wa nyumba ya tisa. Pale kaburini katekista akauliza jina la baba wa marehemu, ili amtaje katika sala. Hakuna aliyelijua. Watu wazima walitazamana. Tate angelijua, lakini siku hiyo alikuwa na homa, amelala. Mzee yule akazikwa kama mtu asiye na baba, na Mwalimu, ambaye alikuwa mgeni tu, ndiye aliyeona haya kuliko wote.

Jumatatu yake alikuja na daftari nene lenye jalada gumu la buluu. Tukazipa nyumba namba kutoka chemchemini kwenda chini, yetu ikawa ya arobaini na moja, na akatuambia kila Ijumaa mwanafunzi mmoja ataleta nyumba moja. Alituelekeza tukae na wazee wa nyumba hiyo na kuwauliza ilijengwa na nani, alitoka wapi, nani wamezaliwa humo, nani wamefia humo, kitu gani kilitokea humo ambacho hakikutokea kwingine. Yeye angesikiliza na kuuliza, na mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa unasomeka, ningeandika. Walio hai tuliwaandika kwa kalamu ya buluu. Mtu akifa, tulirudi kwenye ukurasa wake tukaandika jina lake upya, kwa nyekundu.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwandishi wa Nalubanda, nikiwa na miaka kumi. Nilijua mambo ambayo mama yangu hakuyajua. Nilijua kwamba kengele ya kanisa ilikuwa chuma cha gurudumu la lori lililotumbukia bondeni, na kwamba wanaume wanane walilipandisha kwa siku mbili wakiimba. Matofali ya kanisa yalipita mikononi mwa wanawake waliosimama mstari kutoka mtoni mpaka kilimani, na aliyeangusha tofali alitoa jogoo. Chemchemi iliitwa Mapatano kwa sababu wake wenza wawili walipigana pale mpaka mitungi yote ikavunjika, kisha wakalazimika kurudi nyumbani wakichangia kibuyu kimoja. Nilijua pia mwaka wa mvua ya mawe, ambapo nyumba ya thelathini ililisha kilima kizima kwa sababu wao peke yao walikuwa wamevuna mapema.

Kuhusu mwanzo wa kijiji palizuka ugomvi. Wazee wa kiume walisema kilianzishwa na mwindaji aliyemfuata nguruwe pori. Tate alipolisikia hilo alipanda mwenyewe mpaka shuleni, na fimbo yake, akasimama mlangoni.

"Andika hivi," akaniambia mimi, hakumtazama Mwalimu. "Ni mwanamke aliyemkimbia mume. Alikuja na jembe na mbuzi. Huyo mwindaji alimkuta tayari anavuna maharage, akaomba chakula."

"Tate, una ushahidi gani?" Mwalimu akamuuliza.

"Mbuzi," Tate akasema. "Mwindaji angekuja na mbuzi wa nini?"

Mwalimu alicheka mpaka akakaa. Akaniambia niandike yote mawili. Mwaka uliofuata Tate alifariki, wakati wa kuvuna maharage, na jina lake ndilo la kwanza nililoliandika kwa nyekundu bila Mwalimu kunishika mkono.

Ilibaki nyumba moja tu daftari likamilike. Asubuhi hiyo tulikuwa darasani, mimi nina miaka kumi na miwili. Tulisikia mlio ng'ambo ya bonde, tukadhani wanawake wamewahi kazini. Kisha tukaona haufanani na nyundo. Mwalimu alisimama, akasikiliza, akafuta ubao. Mpaka leo sijui kwa nini aliufuta ubao. Akatuambia twende nyumbani kwa njia ya migombani, si kwa barabara, na kila mmoja amshike mdogo wake.

Mimi akanizuia mlangoni. Alilitia daftari kwenye mfuko wa nailoni, akalifunga kwa kamba, akanifungia mgongoni chini ya kitenge kama mtoto.

"Mimi na mguu huu sitafika mbali," akasema. "Wewe unakimbia. Likae kwako. Nitakuja kulichukua."

"Nimesikia, Mwalimu."

"Sitakusahau. Nawe usilisahau."

Nilikimbia. Nilimkuta mama uani, mdogo wangu amembeba kifuani, sufuria mkononi. Hatukufunga hata mlango. Tulipofika kwenye ukingo wa msitu nilitazama nyuma nikaona moshi kwenye nyumba za juu, karibu na Mapatano, na nikazihesabu kwa namba kama nilivyozoea: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

Msituni mvua ilinyesha siku tatu. Tulikuwa mama, mimi na mtoto wa miezi minane. Wengine tulipotezana nao siku ya kwanza. Tulikula viazi vitamu vibichi. Mama alikuwa na kiberiti ndani ya kopo la chumvi, kikavu kabisa, lakini hakukuwa na kitu cha kuwasha. Kuni zililowa, majani yalilowa, nguo zetu zililowa mpaka pindo. Siku ya tatu, kama saa nane mchana, mtoto aliacha kulia. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu na alitetemeka kidogo kidogo, kisha akaanza kuacha hata kutetemeka. Mama alimvua, akamweka tumboni mwake ngozi kwa ngozi, akanitazama.

"Una nini mgongoni?"

"Ni cha Mwalimu, mama."

Watu niliowahi kuwasimulia habari hii, wawili tu, wote waliniambia kwamba nilikuwa mtoto na nililazimishwa. Si kweli. Mama hakunilazimisha. Alijua daftari lile ni nini, jina la mama yake lilikuwa humo kwa nyekundu. Alinitazama tu, kisha akamtazama mtoto. Mimi ndiye niliyefungua kamba.

Nilianza na kurasa tupu za mwisho. Hazikutosha. Nikachana nyumba ya sitini na mbili, nikaisoma haraka haraka kwa sauti, nikaitia motoni. Nikachana ya sitini na moja. Nilidhani nikisoma kila ukurasa kabla ya kuutia moto utabaki kichwani mwangu. Nilisoma nyumba kumi hivi namna hiyo, moto ukiwa unataka kuzima, mama akiniambia, "Haraka, binti yangu, haraka." Baada ya hapo sikusoma tena. Nilichana tu. Kanisa likaenda, mvua ya mawe ikaenda, wake wenza na kibuyu chao, mwanamke na mbuzi wake. Mwisho nikatia jalada, ndilo lililoshika vizuri kuliko yote, na vijiti vikaanza kuitikia.

Moto uliwaka. Mtoto akapata joto, akanyonya, akalia kwa sauti kabisa, na mama akacheka huku machozi yanamtoka. Nilifurahi. Nataka ujue kwamba nilifurahi, nikajiona nimefanya jambo kubwa.

Kesho yake mchana mtoto alifariki. Tulimzika kwa kuchimba na mfuniko wa sufuria.

Sitakusimulia safari yote. Tulivuka ziwa, tukafika kambini Tanzania, mama akafariki huko baada ya miaka sita, na siku hata moja hakulitaja daftari. Mimi nikajifunza kushona, nikaolewa, nikateremka kusini na mume wangu, tukaachana hapa hapa. Nina binti mmoja, amezaliwa hapa. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa, ananijibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Nilipoona miaka hiyo yote hakuna habari ya Mwalimu, nilijiambia amekufa. Nisamehe, rafiki yangu, lakini nilijiambia hivyo kwa nafuu.

Baada ya ile Jumamosi ya gauni nilikaa wiki mbili bila kwenda. Jumapili ya tatu, baada ya ibada, nilinunua machungwa na mkate nikaenda Berea. Ghorofa lenyewe ni la zamani, lifti imekufa siku nyingi, nikapanda ngazi mpaka orofa ya tano. Mpwa wake, anayefanya kazi ya ulinzi, alinifungulia. Chumba kimegawanywa kwa mapazia, familia tatu, na nyuma ya pazia la dirishani alikuwa amekaa Mwalimu kwenye godoro, blanketi mabegani. Alikuwa amekonda, jicho moja limefunga ukungu. Mguu ulikuwa ule ule.

"Jambo, Mwalimu."

"Jambo, mama. Karibu. Wewe ni wa wapi?"

"Nyumba ya arobaini na moja," nikasema.

Alijaribu kusimama. Mpwa wake akamshika. "Mwandishi wangu," akasema. "Mwandishi wangu! Niliwaambia. Niliwaambia watu kule kambini kwetu Kivu, yule mtoto anakimbia, yule hawezi kukamatwa." Alinishika mikono yote miwili, akaniuliza habari za mama, nikamwambia alifariki, akanipa pole, akaniuliza kama nina watoto. Aliniuliza yote hayo kwa adabu, bila haraka, kama mtu anayejua chakula kipo mezani na hakiendi popote. Kisha akasema, "Haya. Daftari letu likoje? Halijaliwa na mchwa?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yalinitoka.

"Nililichoma, Mwalimu."

"Walilichoma."

"Mimi. Mimi ndiye niliyelichoma. Msituni. Mtoto alikuwa anakufa kwa baridi."

Nyuma ya pazia la pili mtu alikuwa anakaanga vitunguu, na redio inasoma matokeo ya mpira.

"Lote?"

"Lote."

"Hata ukurasa wa kwanza?"

"Hata jalada, Mwalimu."

"Na mtoto?"

"Alifariki kesho yake."

Aliachilia mikono yangu. Hakunifokea. Ningeshukuru kama angenifokea. Alikaa akitazama magoti yake, kisha akasema taratibu, kama anayenieleza hesabu niliyoikosea, "Unajua, mimi nimesahau. Miaka hii yote sikujisumbua kukumbuka. Majina yalipoanza kunitoka nilijiambia si kitu, yapo kwa yule mtoto. Nimejiruhusu kusahau kwa sababu niliamini umeyashika."

Kisha akageukia ukutani. "Nenda, mama," akasema. Hakuniita binti, wala mwandishi.

Niliteremka ngazi zile nikishika ukuta. Mtaani watu walikuwa wanatoka makanisani na nguo zao nyeupe, na mimi nilisimama kwenye robot, taa ya barabarani wanavyoiita hapa, ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena, sijavuka.

Siku kumi baadaye mpwa wake alinipigia. "Mzee anasema uje. Anasema uje na daftari."

Nilinunua moja kwenye spaza, kiduka cha mtaani hapa karibu, na kalamu. Tangu hapo kila Jumapili nilikuwa nakwenda. Tulianza juu, kwenye Mapatano, tukateremka. Nyumba ya kwanza tuliiweza. Ya pili nilimkumbuka mama mwenye nyumba tu, yeye akamkumbuka mtoto wa kwanza kwa sababu alikuwa mtoro. Ya tatu tulibishana. Ya nne alinitajia majina ya watu ambao nilijua kabisa ni wa ile kambi yake, wala hawakuwahi kufika Nalubanda, nami nikayaandika kwa kumwonea huruma kisha nikiwa nyumbani nikayakata. Nilimpigia kila mtu niliyeweza kumpata, mmoja Nairobi, mmoja Lubumbashi, mwanamke mmoja aliyebaki kambini Tanzania. Kila mmoja alikuwa na nyumba tatu au nne, ya kwao na za jirani, na hapo pakaishia. Binti yangu aliniona mezani na karatasi zangu akaniuliza ninafanya nini. Nilimweleza, nikamsomea kidogo. Alisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Eish, Mama. Majina mengi hayo. Wote wamekufa?" Nikamwambia sijui. Na hiyo ndiyo kweli: sijui nani wa kumwandika kwa buluu na nani kwa nyekundu. Nimeandika wote kwa nyeusi.

Kufikia mwezi wa kumi tulikuwa na nyumba kumi na tisa, na Mwalimu alikuwa ameanza kuondoka. Jumapili moja alinipokea kama mgeni.

"Jambo, mama. Karibu. Wewe ni wa wapi?"

"Nyumba ya arobaini na moja, Mwalimu."

"Mwandishi wangu!" Akanishika mikono. Akaniuliza habari za mama, akanipa pole. Kisha akaniuliza daftari letu likoje.

Nikamwambia tena. Nikauona uso wake ukianguka tena, vile vile, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, na kwake ilikuwa ya kwanza. Jumapili iliyofuata, tena. Mara nne nimemuua mzee huyo kwa sentensi moja. Mara ya tano mpwa wake alinisubiri kwenye ngazi. "Dada," akaniambia, "ukiondoka hali siku mbili. Nakuomba."

Basi siku hiyo aliponiuliza, nilisema, "Lipo, Mwalimu. Liko salama."

Usingeamini uso ule. Alijilaza, akafumba macho. "Nisomee," akasema.

Nilitoa daftari la spaza nikamsomea. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa akitikisa kichwa, anacheka pale pa kuchekwa. Nilisoma mpaka ya kumi na tisa, nikaishia hapo.

"Endelea."

Nyumba ya ishirini hatukuwa nayo. Hakuna aliyekuwa nayo. Mwanamke wa kambini alisema pale palikuwa uwanja mtupu, lakini mimi najua palikuwa na nyumba, kwa sababu siku moja nikitoka kuteka maji mvua ilinikuta hapo, na mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoka, ukanipa kiazi cha moto kwenye jani la mgomba. Naukumbuka mkono. Ulikuwa na kovu karibu na kidole gumba, na ulinuka kwinini. Sikumbuki uso, wala jina, wala kama alikuwa mke wa mtu au mjane. Nilimwandika katika lile daftari la kwanza, nina hakika nilimwandika, mwandiko wangu mwenyewe.

"Endelea, mwandishi. Ya ishirini."

Nikamtungia. Nikampa mwanamke yule mume mwashi na watoto wanne, nikampa jina la rafiki yangu wa kambini, nikasema walihamia kutoka upande wa ziwa mwaka wa njaa. Maneno yalitoka yenyewe, mepesi kabisa.

Mwalimu akatabasamu, macho yamefumba. "Ndiyo," akasema. "Ndio hao hao. Watu wema sana wale. Mimi nimekula kwao."

Nikaendelea na ya ishirini na moja.

Alifariki wiki mbili kabla ya Krismasi, tumefika nyumba ya sitini na mbili, na tangu ile ya ishirini nyumba karibu zote nimezijenga mimi, kwa watu ambao hawakuwahi kuwako. Daftari ninalo. Limejaa, linasomeka vizuri, na mtu akilifungua kesho ataamini. Lakini mtu yule aliyenyoosha mkono mvuani, akamwona mtoto wa wenzake amelowa akampa chakula chake, hayumo. Yupo mke wa mwashi, mahali pake, na watoto wanne.